Platini Zimetugharimu Vya Kutosha: Badilisha Moto wa Gari ya Shamba Kabla ya Msimu

 

Najua umezoea kunisoma nikiongelea kantangaze, mbegu chotara na mipira ya matone. Leo naongelea gari, tena gari kuukuu ya petroli. Usiondoke. Nyanya haiharibikii shambani peke yake. Nyingine unaitunza miezi mitatu, unaipulizia dawa, unaifunga kamba, inaiva vizuri kabisa, halafu inakufia kati ya shamba na lami. Hasara hiyo haina dawa ya kupulizia.

Na kabla sijakushauri kitu, nianze na kosa langu.

Ushauri nilioutoa vibaya

Miaka michache iliyopita vijana wanne wa ukanda wa Ilula walichanga pesa wakanunua Land Rover 109 ya petroli, Series III, pikapu. Gari ngumu, bodi ya alumini haiozi kama bati, chesisi nzima, injini inavuta. Walipoipeleka kwa fundi wa mjini, akawaambia watoe platini na kondensa kwenye distributa waweke kifaa cha kielektroniki. Wakaja kuniuliza.

Mimi nikawaambia hapana. Maneno yangu nayakumbuka vizuri: "Kitu kinachotengenezeka kwa msasa msikibadilishe na kitu kisichofunguka." Yalisikika kama hekima. Vijana wakaniamini kwa sababu mimi ndiye bwana shamba wao, na kwenye nyanya nilikuwa sijawahi kuwaangusha.

Katikati ya mavuno wakapakia matenga 20. Fuso ya mnunuzi ilikuwa inawasubiri lami, mwisho saa 12 jioni. Bei ilishakubaliwa, tenga 25,000, yaani laki 5 taslimu. Walitoka shamba saa 9 mchana. Kwenye kilima cha kwanza gari ikaanza kumisi. Cha pili ikazima. Wakafungua kava ya distributa, wakakuta platini karibu zinagusana muda wote, mwanya umekwisha. Wakapiga msasa, wakaweka mwanya kwa kukadiria na kipande cha boksi la kiberiti, ikawaka. Ikaenda kama kilomita moja, ikazima tena. Safari hii ni kondensa, na kondensa haipigwi msasa.

Walifika lami saa 2 usiku wakivutwa na trekta la jirani. Fuso imeshaondoka.

Kesho yake dalali akazitazama, akasema, "Hizi zimelala." Matenga mawili yalikuwa yamepondeka, yakamwagwa. Yaliyobaki 18 yakauzwa 15,000. Laki 5 ikawa 270,000. Hapo sijahesabu trekta.

Hakuna aliyenigombeza. Mmoja wao aliniambia tu, "Afisa, yule fundi wa mjini si alisema." Sikuwa na jibu. Nikaanza kujifunza kitu ambacho nilikuwa nimekitolea ushauri bila kukijua, na msimamo wangu ukageuka. Leo nasema hivi: kama gari yako ya petroli inabeba mazao ya kuuza, na bado inatumia platini, zibadilishe kabla ya msimu.

Platini inafanya nini humo ndani

Tuelewane kidogo, maana wengi tunaendesha bila kujua. Koili inahitaji umeme upite, halafu ukatwe ghafla. Ukikatwa ndipo koili inatoa umeme mkubwa, maelfu mengi ya volti, unaoruka kwenye plagi kama cheche. Platini ni swichi ndogo ya chuma inayofanya kazi ya kupitisha na kukata. Shafti ya distributa ina kona nne, kila kona inasukuma kisigino cha platini, inafunguka. Kondensa ipo pembeni kuzuia cheche isirukie kwenye platini zenyewe.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini zinafunguka mara 6,000 kwa dakika hiyo hiyo. Mara 100 kwa sekunde moja! Mfumo huu asili yake ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwa umri wake umefanya makubwa. Lakini ni chuma kinachogonga chuma na kisigino kinachosuguana na shafti.

Kwenye distributa za Lucas za gari kama hiyo 109, mwanya unaotakiwa ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino kikilika, mwanya unapungua. Mwanya ukipungua, taimingi inachelewa. Taimingi ikichelewa, gari inakosa nguvu, inachemka, inakula mafuta. Wewe unaona gari imechoka, unampa fundi kabureta aifungue. Kabureta haina kosa! Nimeshuhudia kabureta moja ikifunguliwa mara tatu kwa ugonjwa wa platini.

Sasa weka hayo kwenye maisha ya gari ya shamba. Vumbi linaingia, linachanganyika na grisi ya kisigino, linakuwa kama msasa. Gari inapanda kilima kwa gea ya kwanza ikiwa imejaa, injini inatokota, kondensa inapikwa. Na kondensa nyingi zinazouzwa siku hizi madukani ubora wake unaujua mwenyewe, unafunga mpya inakufa kabla ya ile ya zamani uliyoitupa.

Kifaa cha kielektroniki kinabadilisha nini

Kinachobadilika ni swichi tu. Unatoa platini na kondensa, mahali pake unafunga sensa ndogo. Aina nyingi zinatumia pete yenye sumaku inayovishwa kwenye shafti, na sensa inaisoma kila inapopita. Nyingine zinatumia mwanga. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Distributa ni ile ile, kava ni ile ile, rota ni ile ile.

Si teknolojia ya jana. Chrysler ya Marekani iliufanya mfumo wa kielektroniki kuwa wa kawaida kwenye magari yake mwaka 1973. Series III zimetengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo wakati nyingi zinatoka kiwandani na platini, wenzetu kwingine walishaanza kuziacha.

Lakini hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu wauzaji wanapenda kuongeza chumvi. Usitegemee gari ya zamani kupaa. Usitegemee matumizi ya mafuta kushuka nusu. Platini mpya zilizofungwa na fundi mzuri zinatoa cheche nzuri kabisa. Tofauti ni kwamba za platini zitakuwa nzuri wiki hii, wiki ijayo zimepungua kidogo, na mwezi wa pili zinakuzimia kilimani. Za sensa zinabaki pale pale. Hununui nguvu, unanunua uhakika. Na mkulima wa biashara mwenye Fuso inayomsubiri saa 12 anahitaji uhakika kuliko nguvu.

"Kikifa njiani utafanyaje?"

Hili ndilo swali la fundi mmoja mzee ninayemheshimu sana, na lilikuwa swali langu pia. Nilipomweleza nimebadili msimamo alicheka. "Mwanangu," akasema, "platini ikiugua inakuambia. Hicho kifaa chako kinakufa kimya kimya, na huko porini nani atakifungua?"

Mzee yuko sahihi. Platini zinaugua pole pole, zinamisi, zinakupa muda. Sensa ikifa imekufa, hakuna msasa wala bisibisi itakayoifufua. Mtu akikuambia kifaa hakiwezi kufa, huyo anakuuzia.

Ila jibu lipo, tena jepesi. Usizitupe platini zako. Nunua seti moja nzuri ya platini na kondensa, ziweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na bisibisi ndogo, fila geji na karatasi uliyochora waya upi unakwenda wapi. Mfuko ukae kwenye dashibodi, usikae nyumbani. Siku fundi anapofunga kifaa, mwambie aweke alama mbili za rangi kwenye shingo ya distributa, moja mahali ilipokaa kwa platini na nyingine inapokaa kwa sensa, kwa sababu taimingi ya hizi mbili hailingani. Kisha mfanye zoezi la kurudisha platini mara moja hapo hapo gereji, wewe mwenyewe ukishika bisibisi. Ukishazoea ni kazi ya kama nusu saa.

Nilipomwonyesha mzee ule mfuko, aliugeuza geuza, akasema, "Hapo sawa. Hapo umebeba na akili." Tangu siku hiyo anawafungia watu.

Usinunue kabla hujapima haya

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza pesa. Wanafunga kifaa kizuri kwenye distributa iliyokufa, halafu wanasema kifaa ni feki. Vipimo hivi unavifanya mwenyewe bila kulipa senti.

Fungua kava. Shika shafti pale juu, itikise kulia na kushoto. Ikicheza, bushi zimelika, anza na hizo. Sensa inavumilia mchezo mdogo kuliko platini, lakini haifanyi miujiza.

Zungusha rota kwa vidole upande inaokubali, kisha iachie. Inatakiwa irudi yenyewe. Isiporudi, vile vyuma na springi za ndani vinavyowahisha taimingi gari ikikimbia vimeganda au vimekatika. Kifaa hakigusi sehemu hiyo.

Chomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta, unyonye kwa mdomo. Sahani ndani ya distributa inatakiwa isogee, na ibaki imesogea ukiuziba mpira kwa ulimi. Ukinyonya hewa tupu, kile kipira kimetoboka.

Angalia kava kwenye mwanga kama ina ufa, angalia rota kama imeungua. Usiku washa gari ukiwa gizani, ukiona vimulimuli vya bluu kwenye waya za plagi, waya zimekwisha.

Mwisho pima betri na waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi. Hili ni muhimu kuliko yote. Gari ya platini yenye betri dhaifu unaweza kuipiga hendeli au kuisukuma ikawaka. Sensa inahitaji umeme wa kutosha ili iamke, betri ikishuka sana wakati wa kupiga stata haitoi moto kabisa. Kama betri yako unaibembeleza kila asubuhi, pesa ya kwanza ni ya betri.

Makosa yanayoua kifaa

Kifaa hiki hakifi ovyo. Mara nyingi tunakiua wenyewe.

La kwanza, kugeuza waya. Chanya na hasi zikibadilishana hata kwa sekunde, kifaa kimekwenda. Na ujue gari yako hasi iko wapi: Land Rover za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Gari hizo zinataka kifaa chake maalumu au zigeuzwe kwanza.

La pili, koili isiyolingana. Koili ya kawaida ya volti 12 inayofanya kazi bila rezista ikipimwa inasoma karibu omu 3. Kuna pikapu za Kijapani za zamani zenye rezista kwenye njia ya koili, na koili zake zinasoma karibu nusu ya hapo. Ukiunga kifaa baada ya rezista kinapata umeme pungufu, na ukiondoa rezista huku ukiacha koili ile ile, vyote vinaungua. Soma karatasi ya kifaa, pima koili, kisha funga.

La tatu, kuacha swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa. Vijana mnapenda redio wakati wa kupakia. Koili inatokota, kifaa kinatokota. Funga redio kwenye waya wake wa pembeni.

La nne, waya za plagi za shaba tupu. Zinarusha usumbufu unaochanganya sensa. Tumia zile zenye ukinzani ndani.

La tano ndilo la kwetu hasa: kuchomelea. Unataka kuongeza keria au kingo za matenga, fundi wa kuchomelea anabana waya wake kwenye chesisi anaanza. Kabla hajagusa kitu, toa waya za betri na chomoa waya za kifaa. Dakika tano tu.

Nani asibadilishe

Kama gari yako ni dizeli, haya hayakuhusu, dizeli haina plagi za cheche. Kama injini inakula oili na moshi wa bluu unajaza kijiji, usiipambe maiti, tengeneza injini kwanza au iuze. Kama unaitumia mara mbili kwa mwezi kwenda kuchukua pumba, platini zinakutosha, zisafishe na uzipime mwanya.

Lakini kama unalima kwa mkataba, au una mnunuzi anayesubiri barabarani na saa mkononi, usisubiri. Fanya hesabu ndogo ya kwako. Chukua tofauti ya bei kati ya nyanya ya leo na nyanya iliyolala, zidisha kwa matenga gari inayobeba. Hiyo ndiyo gharama ya kuzima siku moja. Kisha kaulize bei ya kifaa, koili na ufundi. Kwa wale vijana, vyote havikufika hasara ya siku mbili kama ile.

Na kingine kinachonikera. Nawaona vijana wakitumia pesa kwenye rimu, spika na stika za kioo cha mbele, halafu distributa haijafunguliwa tangu gari inunuliwe. Daftari la mbolea unalo, la dawa unalo, la gari huna. Gari ni pembejeo kama mbolea. Andika tarehe ya kila spea, kilomita, na siku ilipozima na sababu. Baada ya msimu mmoja daftari litakuambia lenyewe pesa inavujia wapi.

Wako wapi leo

Wale wanne bado wanayo ile 109. Walifunga kifaa kabla ya msimu uliofuata, baada ya kubadilisha bushi za distributa, betri na waya. Imeshazima tena, sikufichi. Mara moja ilikuwa pampu ya mafuta, na mara nyingine ni kifaa chenyewe kilichokufa baada ya mtu kuchomelea bamba bila kutoa betri. Siku hiyo walikuwa na matenga 18 na lami iko mbali. Aliyekuwa anaendesha akatoa mfuko kwenye dashibodi, akarudisha platini, akazungusha distributa hadi alama ya kwanza, akawasha. Alinipigia simu akiwa ameshakabidhi mzigo. Saa 12 kasoro robo.

"Afisa," akasema, "ule mfuko wako umetuokoa."

Nilimwambia mfuko ni wa yule mzee aliyeuliza swali gumu, na kifaa ni cha yule fundi wa mjini ambaye sikumsikiliza. Mimi changu kilikuwa kuchelewa.

Ndiyo maana nimeandika haya. Afisa ugani akikupa ushauri kuhusu kitu kisicho cha fani yake, muulize ameupata wapi, hata kama afisa huyo ni mimi. Na kama bado unatembea na platini na msimu unakaribia, kesho asubuhi fungua kava, tikisa shafti, uone kinachokusubiri kilimani.

Shamba jema.